Matikiti Yaliyovishwa Nguo

Leo nimeadhirika, wenzangu. Fedheha ya mchana kweupe!

Mnayajua matikiti yangu ya kule bondeni. Na wale nzi mnawajua. Tikiti likiwa changa bado, kubwa kama yai la bata, nzi keshalitoboa na kutaga ndani. Kwa nje linang'aa. Lipasue sasa: funza watupu! Juzi mpagazi mmoja wa bara alipasua langu sokoni, akaniuliza, "Bwana, hili ni tunda au kitoweo?" (Soko zima likacheka. Nanyi mlikuwapo.)

Nimemwaga majivu. Nimefukiza mavi ya ng'ombe mpaka kifua kikanibana. Yaliyooza nimeyafukia. Nzi wananenepa tu!

Basi asubuhi jirani yangu Sefu, mtu wa Mkange, akaniambia, "Yavishe nguo. Kila tikiti changa lishonee kifuko, ukifunge kwenye kikonyo. Nzi atatobolea wapi?"

Maneno ya akili. Lakini nguo iko wapi? Mke wangu Mwanaidi alikuwa kisimani. Nikainama uvunguni mwa kitanda, nikavuta kasha. Ndani mna bafta nyeupe pe, mpya, imekunjwa vizuri, inanukia kafuri. (Mwenye akili angejiuliza ni nguo gani hutiwa kafuri. Mimi nikasema, afadhali, nzi hawataipenda.) Nikakata. Nikashona. Nikayavisha yote, mistari miwili. Yalipendeza, wallahi.

Adhuhuri narudi nyumbani, nasikia mayowe. Mama mkwe, Bi Mwanahawa, yuko uani na wanawake wa mtaa, amejishika kichwa.

"Kuna nini, mama?"

"Mwizi, mwanangu! Nimekuja kuwaonyesha mashoga zangu sanda niliyojiwekea, sioni kitu! Nimeileta kwenu kwa kuwa kwangu panavuja!"

Kuiba sanda! Damu ikanichemka. (Mimi nilikata kitambaa. Sanda sikuiona.) Nikasimama mbele yake, nikainua mikono yote miwili, nikaomba kwa sauti:

"Ee Mola, aliyechukua sanda ya mama huyu, mkono wake ukauke!"

"Amina!" wakaitikia wanawake.

"Na usingizi umruke!"

"Amina!"

Nilikuwa natafuta la tatu. Bi Mwanahawa akanusa. Akasogea. Akanusa tena, safari hii viganja vyangu.

"Mwanangu," akasema polepole, "mbona mikono yako inanukia kafuri?"

Hapo ndipo akili ikanijia. Nikajaribu kuishusha mikono. Ikagoma.

Nikaongozwa bondeni, mbele mimi, nyuma wanawake, kama msafara unaokwenda bara. Walipoyaona matikiti yamelala safu mbili, meupe, yamefungwa vichwani, bibi mmoja akasema, "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun." Kwa dhati kabisa! Mwanaidi, keshatoka kisimani na kuufuata msafara, akageukia pembeni, mabega yakitikisika. Nilidhani analia. Wapi!

"Umenizika kabla sijafa," akasema mama mkwe, "tena vipande vipande!"

Nikapiga magoti, nikaanza kuyavua.

"Yaache! Nguo ya maiti haiungwi viraka. Utaniletea nyingine kabla ya Ijumaa. Na haya yaliyovaa sanda yangu ni maiti wangu. Yakiiva, utayabeba mwenyewe mpaka kwangu."

"Yote, mama?"

"Kwani uliona wapi maiti anaachwa nusu njiani?"

Na wewe Sefu uliyejificha huko nyuma, acha kucheka: nzi angalau walikuwa wakinibakishia mawili matatu.