Jogoo wa Metroni

Jumanne, 5 Agosti
Aneth wangu anakwenda kusomea usingizi! Ule wa kulaza wagonjwa wanaopasuliwa. Sepuka nzima hatuna muuguzi wa namna hiyo. Nimetangaza kisimani. Jirani yangu Mama Rebeka akauliza kwani Aneth kulala hajui mpaka akasomee. Wivu tu.

Jumatano, 6 Agosti
Aneth kapiga simu kutoka hospitali ya mjini anakofanya kazi. Kaongea mengi, chuo, uzoefu, mimi nikashika neno moja: wanamzungusha. Leo wodi ya watoto, kesho majeruhi, sasa wazazi. Kuzungushwa nakujua! Hati ya shamba ilinimalizia viatu. Mama Rebeka kasema asiyetakiwa ndiye huhamishwa. Kesho naenda. Na jogoo.

Alhamisi, 7 Agosti
Yule mwekundu. Kanichafulia kitenge ndani ya basi. Nikamwomba Metroni Flora, mkuu wa wauguzi, aache kumzungusha mwanangu, amtulize wodi moja. Akauliza kama Aneth mwenyewe anataka hivyo. Nikasema mama ndiye ajuaye. Metroni akamkataa jogoo. Nikamwacha chini ya meza, nikakimbia. Mambo safi.

Jumapili, 10 Agosti
Maafa. Kesho Aneth alikuwa aingie wodi ya mahututi. Sasa abaki wazazi, eti familia imeomba. Na asiyepita mahututi chuo hakimchukui. Alilia kwenye simu. Halafu: "Mama, huku kuzungushwa ndiko kusoma." Sikula. Nilikula kidogo.

Jumanne, 12 Agosti
Aneth kaenda kwa Metroni mwenyewe, kajieleza. Jumatatu anaingia mahututi. Jogoo karudishwa kwa basi, na salamu za Metroni: hospitali inatafuta wa kulaza watu, huyu kaamsha wodi nzima. Baba Aneth kasema sasa nitulie. Nimetulia.

Jumatano, 13 Agosti
Aneth anasema maombi yenyewe ya chuo bado, kwanza uzoefu utimie. Sawa. Lakini mkuu wa chuo naye si mtu? Hali chakula? Jogoo ni mdogo kwa chuo, nitapeleka beberu. Sherehe ya kumuaga Aneth nayo siwezi kuiahirisha, ng'ambo ya kisima wote nimeshawaalika, na Mama Rebeka nimemwambia akae mbele. Jogoo ndiye mboga. Aneth atasikia akifika. Waje mapema, Jumamosi hii.