Mkasi wa Bi Mkubwa

Jumatatu, 4 Machi
Mzee Chaki, mkataji wetu wa sare za shule, anastaafu Ijumaa. Meza ya kukatia itabaki wazi! Iko dirishani, penye upepo. Cherehani yangu iko ubavuni mwa pasi. Kufika adhuhuri nimeiva. Mwingine anayeitaka meza ile ni shemeji yangu, kaka yake mke wangu, fundi wa cherehani ya pili. Haongei, hacheki, hapindishi mshono. Mtu wa hatari.
Nimenunua kitabu cha kujiendeleza. Si porojo, kila ushauri umefanyiwa utafiti na wanasayansi. Mke wangu ameuliza kama wanasayansi hao wamewahi kushona suruali. Nikafungua kitabu. Penye nia pana njia, na njia yenyewe iko sura ya kwanza.

Jumanne, 5 Machi
Ushauri: mwige kidogo unayetaka akupende. Bi Mkubwa, mwenye karakana, alishika kiuno. Nikashika kiuno. Akakuna sikio, nikakuna. Akapiga chafya. Nikajitahidi, ikatoka. Akauliza kama naumwa. Kisha akanisogeza karibu zaidi na pasi, nitoe jasho, homa ishuke.

Jumatano, 6 Machi
Leo mambo mazito. Kitabu kinasema mwombe mtu hisani ndogo. Akishakusaidia, moyo wake unajiambia kwamba anakupenda, ama sivyo asingehangaika. Nimemwomba Bi Mkubwa aniazime mkasi wake wa vitambaa, aliourithi kwa marehemu mama yake. Akautoa kwenye droo.
"Kitambaa tu, fundi," akasema.
Nikamwambia bila shaka. Meza ni yangu!

Alhamisi, 7 Machi
Wanasayansi wanasema lengo libandikwe mahali unapoliona. Nikachukua kadibodi, nikakata herufi mojamoja: MKATAJI MKUU. Mkasi mtamu kweli, mwanzoni. Kufika U ya mwisho ulikuwa unatafuna. Kila fundi anajua karatasi huua makali ya mkasi wa kitambaa. Hata mimi najua. Lakini kitabu hakikutaja.
Nimezibandika ukutani juu ya cherehani. Mkasi nimeurudisha kimyakimya. Shemeji aliona, akainamia mshono wake. Mnafiki.

Ijumaa, 8 Machi
Mzee Chaki ameagwa kwa soda na biskuti. Kisha Bi Mkubwa akatangaza: mimi na shemeji tutashindania meza kwa kukata suruali moja moja mbele yake, na kwa heshima ya mama yake tutatumia mkasi ule ule. Nikatangulia mimi. Mkasi ukakishika, ukakivuta, ukakiacha na meno kama kimeliwa na mbuzi. Bi Mkubwa akapitisha kidole kwenye makali. Akatazama ukutani. Mafundi wote wakatazama ukutani.
"Hizo herufi umezikata kwa mkasi wa mama yangu?"
Niliona aibu ya kutosha ukoo mzima. Ndipo shemeji akafungua kinywa, akaomba jiwe la kunolea. Akakaa kizingitini, akanoa taratibu, akarudi akakata suruali safi kama maji. Meza amepewa yeye. Mimi nimepewa vifungo.
Nyumbani sikula. Mke wangu akaniambia nisinune, maana Bi Mkubwa alitaka kunifukuza, na ni shemeji huyo huyo aliyeniombea. Nikalia kidogo, upande wa ukutani.

Jumamosi, 9 Machi
Nimetafakari. Utafiti hauna kosa. Kosa ni kuomba hisani kwa mtu asiyefaa. Mwenye meza sasa ni shemeji. Akinipenda yeye, si atanikaribisha dirishani?
Bi Mkubwa amemnunulia mkasi mpya, unang'aa. Nimemwomba shemeji aniazime mara moja. Alisita sana. Halafu akanipa, undugu ni undugu. Unaona? Wanasayansi si wajinga!
Sura ya mwisho inasema ushauri uliokufaa ukatwe kitabuni, ubandikwe mbele ya macho. Naanza sasa hivi. Kadibodi ndiyo iliyokuwa ngumu. Karatasi hizi ni laini kabisa.