Koti la Kimeng'enya

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya kwanza ya jaribio langu mwenyewe! Daktari, mama mwenye maabara, amenipa vichupa viwili. Ndani kuna kimeng'enya cha kuvunja mafuta. Kimezoea kuishi kwenye maji, lakini tumekitia kwenye asetoni, kimiminika kikali, ambako kwa kawaida hufa. Kichupa kimoja kina kimeng'enya tulichokibandika kemikali za kukikinga. Daktari anaziita koti. Cha pili kiko uchi. Ijumaa tutaona kipi kimebaki hai.

Ijumaa hiyohiyo Daktari atachagua nani abaki, mimi au Spika, mwanafunzi mwenzangu. Atakayebaki anaandikiwa barua ya kwenda chuo. Spika anaongea na kila mgeni. Mimi wageni wakija najificha nyuma ya friji.

Mbinu: vichupa vyangu ving'ae kuliko vyake. Nimevisugua kwa kitambaa chenye asetoni. Vimeng'aa kweli! Maandishi ya makapeni, ile kalamu ya wino mzito, yamehamia kwenye kitambaa. Sasa sijui koti ni lipi, uchi ni upi.

Jumanne, 4 Machi
Nimeamua kusema ukweli. Nimekwenda mlangoni kwa Daktari mara tatu. Mara ya kwanza nikamuuliza kama nifungue dirisha. Lilikuwa wazi. Mara ya pili nikaazima kalamu. Mara ya tatu akavua miwani akauliza, wewe binti, una nini leo? Nikamwambia shikamoo. Ya tatu hiyo tangu asubuhi. Akaitikia taratibu, kama anayeongea na mgonjwa.

Jumatano, 5 Machi
Mbinu mpya! Shuleni tulifundishwa: maziwa yakitiwa dawa ya kupimia yanakuwa ya waridi, na kimeng'enya kilicho hai kinayageuza meupe. Nimedondosha tone kutoka kila kichupa kwenye kikombe chake cha maziwa. Ya kwanza yamekuwa meupe, ya pili yamebaki ya waridi. Basi kilicho hai ndicho chenye koti, kingine kipi tena? Nimekiandika KOTI.

Spika akaingia ghafla. Akauliza, mwenzetu, siku hizi unapika? Nikasema ni maziwa yangu ya kunywa. Akasema haya, kunywa tuone. Nikasema nimeshiba. Amekaa pale robo saa akinitazama.

Alhamisi, 6 Machi
Mama ameuliza kama pale ni maabara au mahabusu, mbona napungua. Amekwisha kuwaambia majirani kwamba naenda chuo. Hata yule wa mtaa wa tatu amenipa hongera. Nikikosa barua nitapita wapi mimi?

Ijumaa, 7 Machi
Balaa! Daktari amechukua vichupa vyangu akavigeuza juu chini. Kumbe vichupa vya wanafunzi huvikwaruza alama kwenye kitako, maana anatujua. Chenye koti ndicho kilichokufa! Koti lilibana mno, likaziba mahali pa kufanyia kazi. Kile cha uchi kilikuwa kikavu kabisa kilipoingia kwenye asetoni, ndiyo maana kikasalimika.

Daktari akasema jibu hilo ndilo alilokuwa akilitafuta mwezi mzima, na angenipigia makofi. Ila maandishi yangu yalisema kinyume. Akauliza nani ameandika. Nikasema mimi, kwa sauti ndogo hata mwenyewe sikujisikia. Spika akanisaidia: ni yeye huyo, Daktari, na maziwa alikuwa nayo!

Vya Spika vimekauka vyote viwili. Alisahau kuvifunga alipokuwa akiwaeleza wageni namna ya kuvifunga. Kwa hiyo tumepewa wiki moja, ya mwisho. Daktari amenishika bega akasema, mwanangu, ukikosea njoo useme siku hiyohiyo. Nimeitikia kwa kichwa mara nyingi sana.

Jumatatu, 10 Machi
Sitakosea, kwa hiyo sitakuwa na la kusema. Nimeachana na makapeni. Nimeazima rangi ya kucha ya dada, nyekundu. Nimeijaribu kwa maji na sabuni, haikutoka hata chembe!

Dada akauliza hivyo vichupa mnavisafisha kwa kitu gani. Nikamwambia kwa asetoni. Amecheka mpaka akashika ukuta, akaniinulia chupa yake ya dawa ya kufutia rangi ya kucha, eti mdogo wangu, hebu soma hapa. Masikini, kemia aliiacha kidato cha pili. Sikuwa na muda wa kusoma.

Nimeandika KOTI na UCHI, herufi kubwa, zinapendeza. Kesho alfajiri, kabla Spika hajafika, navisugua ving'ae.