Nimelala Kwenye Kesi Niliyoifungua Mwenyewe

Jamani, leo nimeumbuka na sina pa kuficha uso.

Mnajua mimi ni nesi, na mwezi huu niko zamu ya usiku. Asubuhi narudi nyumbani hapa Chapwa nilale. Nalalaje? Kushoto kuna mashine ya kusaga ya Mzee Simbeye. Kulia Fundi Ayubu anapandisha ghorofa, na mashine ya zege inaunguruma kutwa nzima. Nimechoka, nimechoka mpaka kuchoka kwenyewe kumenichoka.

Juzi nikasinzia kazini nimeshika sindano. (Mgonjwa ndiye aliyenishtua.) Mkuu wa zamu akasema nikirudia naandikiwa barua. Basi, nikaenda kuwashtaki wote wawili kwa mtendaji wa mtaa.

Leo saa nne tukaitwa ofisini, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Nimetoka zamu moja kwa moja, sijala, sijaoga, ila hotuba yangu iko kichwani. Mzee Simbeye kaja na unga kwenye kope. Fundi kaja na mabuti yake ya zege.

"Dada yetu katoka kazini, apumue kwanza," mtendaji akasema, akanipisha kiti chake chenye sponji. "Tuanze na mzee."

Mzee akaanza na salamu. Akaenda kwenye mvua. Akapita kwenye mahindi, akafika kwa ng'ombe wa mkwewe kule Igamba.

Hapo nikagundua kitu. Kimya! Mashine imezimwa kwa sababu mwenyewe yuko hapa. Vibarua wamekaa kwa sababu fundi wao yuko hapa. Kimya cha kwanza mwezi huu! Nikasema nifumbe macho kidogo tu, masikio yanasikiliza.

Yaliyofuata nimesimuliwa. Eti nilikoroma. Eti mpaka waliokuja kugongewa mihuri wakachungulia dirishani. Mzee akakatisha maelezo, akamgeukia mtendaji: "Mama, na hii nayo inazimiwa wapi?"

Wakakubaliana wasiniamshe (huruma gani hiyo!), wakarudi makazini kwao. Mashine ya zege ndiyo iliyoniamsha. Nafungua macho, udenda shavuni, foleni ya watu inanitazama, na mtendaji ananisogezea daftari.

"Saini hapa, dada."

Imeandikwa: "Shauri limeahirishwa. Mlalamikaji amelala."

Nikasaini.

Tunarudi Jumatatu. Natafuta mtu wa kukaa pembeni yangu anifinye, na wewe unayecheka sasa hivi usijitolee.