Kibali cha Kupandisha Maji ya Choo Mlimani

Abdulkadir Salimu,
Nyumba ya juu ya kisima,
Msambweni.

Kwa Bwana Kheri,
Afisa wa Afya anayeshughulikia maji taka.

Bwana Afisa,

KUH: KUNYIMWA KIBALI CHA PAMPU YA MAJI YA CHOO

Shikamoo uliyonipa Ijumaa msikitini nimeiitikia kwa moyo mweupe. Lakini leo nakuandikia kama raia aiandikiaye serikali; ujomba nimeuvua, nikauacha mlangoni pamoja na viatu. Usinionee haya, nami sitakukumbusha ni nani aliyekubeba mabegani siku ya jando.

Kisa unakijua, ila serikali haikijui, kwa hivyo naieleza. Kijana Lewis wa Ukunda alinichorea ramani ya nyumba, akaweka choo upande wa juu, karibu na barabara, na karo la maji taka nje yake. Vikajengwa. Siku ya kuzindua nikaketi, nikatazama mbele: kibla! Mimi, mjukuu wa muadhini, nimekaa vile naielekea Makka! Niliinuka kabla sijafanya lolote. Nikamwambia Lewis chumba kimekosewa, akanijibu, "Mzee, chumba hakigeuki." Basi, kama hakigeuki, kitahama. Nikajenga choo kingine upande wa chini, bakuli likaangalia baharini, safi kabisa. Sasa choo kiko chini na karo liko juu, na maji ya choo, Bwana Afisa, hayajafunzwa kupanda mlima. Ndipo nikaomba kibali cha pampu, mkaninyima.

Mke wangu Mwanatumu amechoka kubisha kwa jirani Abdulrahman kuomba choo, kopo la maji mkononi. Amekwenda kwao Vanga, na ameapa sitamwona mpaka choo kifanye kazi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ofisini kwako nilipokewa na Bi Beryl, binti wa bara, mpole sana. Alisoma ombi langu, akauliza, "Na stima ikipotea, mzee? Si hiyo kitu yote itarudi kwa nyumba?" Nikamjibu kwamba umeme ukipotea tutajizuia, maana nyumba yangu ina adabu. Alicheka hata akaomba ruhusa atoke nje. Je, hilo ni jibu la serikali?

2. Mnasema nichimbe karo lingine huko chini. Chini kuna kisima cha Abdulrahman, na wewe mwenyewe ndiwe uliyepiga marufuku kuchimba hapo. Tena huyo Abdulrahman, tangu nimweleze habari za pampu, kila nikipita huwaambia wenziwe, "Shikeni kofia, rubani wa choo anaruka!"

3. Mnataka mhandisi aliyesajiliwa. Mimi niliishia darasa la sita, lakini la sita lile la zamani, na nilishika pampu ya bwawa la hoteli kule Diani kabla wewe hujaota meno. Siku moja niliifungua nusu tu. Bwawa lilikauka upesi hata mgeni aliyekuwa akiogelea akajikuta anapiga mikono hewani. Alinishukuru sana, akasema hajawahi kukauka bila taulo. Mashahidi wapo, ila wote wamerudi Ulaya.

4. Mmeandika kwamba pampu yangu ni kubwa mno kwa nyumba ya watu wawili. Hamtazami mbele! Tukiongeza bomba kidogo, itachukua ya Msambweni yote. Tukiongeza tena, ya Diani na hoteli zake. Kisha tunayasukuma mpaka nyika kavu ya Samburu na Taru, wafugaji waoteshe nyasi, na watu wa mji wa Mackinnon Road waje kupanga foleni na mitungi. Kwa hivyo anayeninyima mimi choo anawanyima ng'ombe wa Taru chakula, na hilo litaulizwa Akhera.

5. Nilisema ujomba nimeuacha mlangoni; nimetoka kuuchukua mara moja. Kwa mila ya wazee wetu Wadigo, mpwa ndiye amrithiye mjomba wake. Choo hiki kesho ni chako, Kheri. Unajinyima mwenyewe, na mkeo ndiye atakayekwenda kubisha kwa Abdulrahman.

Basi naomba kibali upesi, kabla Mwanatumu hajazoea raha za kwao. Nisalimie mamako, dada yangu Hasina, umwambie samaki wake wa kupaka nilimla peke yangu kwa huzuni. Nisalimie na Bi Beryl, akimaliza kucheka.

Wako katika kujizuia,
Abdulkadir Salimu

Baada ya sahihi: Kabla sijafunga bahasha, Mwanatumu ameingia kutoka Vanga, na fundi Chome nyuma yake. Hata salamu sikupewa. Alikwenda moja kwa moja kwenye choo cha kwanza, akanyoosha kidole: "Chome, chumba kiache. Geuza bakuli." Kufika alasiri limegeuka, laangalia baharini, na maji yameteremka yenyewe karoni kama yaliyoitwa. Mke wangu yuko jikoni, anaimba. Hata hivyo nakuomba uninyime kibali mara nyingine, kwa maandishi na kwa muhuri mkubwa, kwani mtaa mzima nimeuambia pampu imekwisha fika bandarini, na itanisitiri sana wakijua kwamba ni serikali iliyonizuia.