Kadi Mbili na Mashine ya Unga

Jumamosi, 2 Agosti

Lukmani amepiga simu kutoka Kibondo. Nane Nane mwaka huu tukutane kwake! Eti amenunua kadi mpya ya grafiki, ile inayochora picha kwenye kioo cha kompyuta, mpira wa kwenye kompyuta unakwenda laini kama uji. Reverien amekwishakubali. Mimi nimeulizwa wa mwisho.

Miaka yote tumekutana kwangu, Kasulu. Sisi watatu ndio tuliobaki wa ghala la Mzee Kudra, aliyeleta gemu ya kwanza mjini. Tulikaa juu ya magunia ya maharage, padi moja ya kuchezea, watu saba. Wachezaji wa gemu ile hawakuwa na nyuso, lakini kila mmoja tulimjua kwa jina. Ukifungwa unampisha mwenzio, na hakuna anayenuna. Leo pale wanauza nywele za bandia. Nikipita naangalia pembeni.

Nimemwambia Lukmani kadi yangu inaishinda yake. Amecheka! Nimemwambia aje nayo Jumatano anapokuja kuchukua mizigo ya duka lake. Tuzifunge kwenye kompyuta moja, zamu kwa zamu, mechi ileile. Itakayotoa picha nyingi zaidi kwa sekunde, sikukuu ni nyumbani kwa mwenye kadi hiyo. Amekubali. Nimekata simu, ndipo nikakumbuka kwamba kadi yangu ilikuwa ya bei ya chini kuliko zote dukani.

Jumapili, 3 Agosti

Dawa imepatikana! Kadi inaweza kulazimishwa kukimbia kuliko alivyoipangia mtengenezaji. Nimeipandisha spidi kidogo. Kutoka picha arobaini na nane hadi hamsini na moja. Nimeipandisha tena. Hamsini na tano! Nyasi za uwanja zinaonekana jani moja moja. Asmahani, mke wangu, amechungulia na kuuliza nani anapiga pasi. Nimemwambia hiyo ni harufu ya ushindi. Amesema ushindi usije ukaunguza pazia.

Hapo hapo jirani yetu, Bi Mwanahawa, akawasha mashine yake ya kusaga muhogo. Taa zikafifia. Kompyuta ikazimika! Zamani ilikuwa inavumilia. Sasa kadi imekuwa na njaa ya umeme. Adui yangu si Lukmani. Ni muhogo.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimekwenda kwa Bi Mwanahawa na adabu zangu zote. Shikamoo, habari za wajukuu, kisha ombi: Jumatano mchana aipumzishe mashine. Ameniuliza kama watu wa Kasulu watakula picha. Foleni nzima ya akina mama imecheka.

Lakini kichwa changu hakilali. Nikiwa natoka nimenong'ona kwenye foleni hiyo hiyo kwamba Jumatano, kuanzia saa saba mchana, umeme utakatika hadi usiku. Nani atabeba muhogo wake kwenda kwenye mashine isiyo na umeme? Uongo mdogo tu, haumuumizi mtu. Wallahi, nimetembea kurudi nyumbani nikijionea fahari.

Jumatano, 6 Agosti

Balaa! Watu hawakukaa nyumbani. Wamedamka ili wasagishe kabla umeme haujakatika. Wamekuja hadi wa Heru Juu, ndoo kichwani, magunia kwenye bodaboda. Saa saba ikafika, umeme haukukatika, wakamshukuru Mungu na kuendelea kusaga. Mashine ilinguruma bila kuzimwa, basi taa hazikufifia tena. Unga ulijaa hewani mpaka paka wetu akawa mweupe. Bi Mwanahawa amempelekea Asmahani sufuria ya unga kama shukrani. Eti nimemletea baraka.

Lukmani na Reverien wakaingia. Kadi ya Lukmani ikaanza, bila kulazimishwa: hamsini, wala haitikisiki. Ikafuata yangu. Hamsini na tano! Nikaruka. Nikamkumbatia Reverien. Nilipogeuka, thelathini na nane. Kisha ishirini. Golikipa akaganda hewani, na chumba kikanuka muhogo wa kuchoma.

Lukmani akaitoa na kuikagua. Feni imekabwa na unga! Kwa kuikimbiza kadi nilikuwa nimeipa joto, feni ikazidi kuzunguka, ikavuta ndani kila kilichotoka kwa Bi Mwanahawa. Akaipuliza. Akairudisha kwenye spidi yake ya kuzaliwa. Arobaini na nane, imetulia kabisa. Nimeshindwa kwa picha mbili. Mbili! Hakuna jicho la binadamu linaloweza kuziona.

Nikawaambia waende zao, sikukuu imehama, mimi nitabaki na mke wangu na paka. Sauti ilinitoka vibaya. Lukmani akasema suala halikuwa kadi hata kidogo. Mwaka jana niliwaalika, kisha nikakaa chini ya meza na bisibisi tangu pilau hadi chai. Mwaka juzi hivyo hivyo. Wameihamishia Kibondo ili safari hii niwe mgeni, nisiwe na cha kutengeneza, nikae nao mkekani. Reverien akasema wananikumbuka, na hali wanakuja kwangu kila mwaka. Nililia. Nasema kweli, nililia, na unga ukanigandia mashavuni. Nimewaahidi kwamba nitakaa.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimerudi Kasulu. Sikukuu ya jana Kibondo ilifana sana, nasikia.

Nilikaa mkekani kama nilivyoahidi. Nikatupa jicho kwenye kioo cha kompyuta. Hamsini! Kadi nzuri namna ile kuiacha kwenye hamsini ni dhambi. Na kwa Lukmani hakuna mashine ya unga jirani. Nikaomba dakika moja tu. Hamsini na tatu. Hamsini na sita! Halafu kioo cheusi. Nikaingia chini ya meza.

Waliniita pilau, nikasema nakuja. Waliniita chai, nikasema nakuja. Mwishowe walibeba mkeka wakautandika uani, wakaanza kusimuliana mambo ya utotoni. Nilikuwa nawasikia wanavyocheka kupitia dirishani. Roho iliniuma sana. Sisi tuliokuwa hatuachani! Siku hizi mtu anasafiri mpaka Kibondo kwa ajili ya marafiki zake, nao wanamwacha peke yake chumbani. Watu hawajui tena kukaa pamoja.