Harusi ya Joka

Jumatatu, 4 Machi
Ijumaa inaonyeshwa filamu ya pili ya *Joka wa Mlima Kimya*. Hapa kinyozini hakuna habari nyingine. Wateja wananiita Profesa, maana ni mimi niliyewasimulia kitabu chote huku nikiwanyoa. Ukweli? Nimesoma kurasa arobaini tu. Zilizobaki nimetunga mwenyewe, kipande kidogo kwa kila kichwa. Kitabu ni cha dada yangu, muuguzi. Amenisihi mwaka mzima nikisome. Nakiegemezea kioo.

Jumatano, 6 Machi
Balaa! Fundi viatu wa mlango wa pili naye amekisoma. Chote! Kaja kunyolewa, akatangaza mbele ya watu kwamba mwishoni joka anakufa. Mimi nimekuwa nikisimulia kwamba anamuoa malkia, na harusi nimeipamba mpaka ngoma. Duka zima likanigeukia. Nikakohoa. Nikasema nakala yake imekatwa, ni ya wavivu. Nikamnyoa upande mmoja zaidi ya mwingine. Bahati mbaya tu.
Lakini akili ninayo. Joka akifa kwenye filamu, nitasema wameharibu kitabu! Nimewapanga wateja tisa. Nikisimama, wasimame. Nikipiga kelele, waitikie.

Ijumaa, 8 Machi
Nimerudi nyumbani peke yangu, naandika.
Dada alibadilishana zamu ili aje. Alivaa viatu vipya. Tukakaa pamoja, kanishika mkono kama tulipokuwa wadogo. Ikafika sehemu ile ya joka kufa. Joka kalala chini ya mlima, anamwambia msichana aliyemtunza asilie, aende zake nyumbani. Ukumbi mzima unavuta kamasi. Nami nikasimama! Nikapaza sauti kwamba huu si mwisho wa kitabu, tunataka harusi! Wale tisa wakaitikia, wakigonga viti. Watu wakafoka. Nikarushiwa bisi. Taa zikawashwa, meneja akaja mbio, akauliza hiyo harusi iko ukurasa gani.
Nikamgeukia dada. Kati ya watu wote!
Hakupandisha sauti. “Hakuna harusi, mdogo wangu. Ukurasa huo ndio niliomsomea mama hospitalini, wiki ile ya mwisho. Nilikuja kuuona.”
Akachukua mkoba, akatoka. Wiki ile ya mwisho mimi sikwenda hospitali. Nilisema nina wateja wengi. Sikuwa nao.

Jumamosi, 9 Machi
Sikufungua duka. Nimepita barabara ya nyuma nisimwone fundi viatu. Nimemwona. Hakucheka, na hilo limeniuma zaidi.
Nikaenda kwa dada kumwomba radhi. Alikuwa ametoka zamu, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Nilikusudia kusema nimekosa. Mdomo ukasema nilikuwa nawatetea wasomaji. Hata radhi nimeiomba kwa uongo! Akanitazama mpaka nikainama. Kisha akasema hataki maneno, anataka kitu kimoja tu: nikisome kitabu mpaka mwisho. Nikaapa. Akanimiminia chai. Nikaiacha ipoe.

Jumatatu, 11 Machi
Nimeanza! Ukurasa wa arobaini na moja, wa arobaini na mbili. Wa arobaini na tatu, pembeni, kuna mwandiko wa dada kwa penseli: “Hapa mama amecheka.” Nikakifunga. Sijui macho yaliingiwa na nini. Nywele, labda.
Mara akaingia mteja mgeni, hajui lolote la Ijumaa. Mungu ambariki. Akakaa, nikamfunga shuka shingoni. Akauliza kama nimesikia kwamba filamu ya tatu inakuja. Nikasema ni lazima ije, maana joka yule ana pacha wake, na pacha ndiye anayeoa. Akashangaa. Akauliza kama nimekisoma kweli hicho kitabu.
Nikamwambia nimekisoma mara mbili.